Mzee wa Sharbo na Blanketi la Jeshi

Kwa miaka tisa niliyofanya naye kazi nilimwona ameketi mara moja tu, na siku ile ndiyo iliyotuponza sote wawili. Siku nyingine zote alikuwa wima. Alikula wima, aliandika wima, alisali wima hata pale mchungaji alipowaambia waumini waketi. Mkewe aliniambia, huku akicheka nusu na kulalamika nusu, kwamba alidhani ameolewa na fundi, kumbe ameolewa na mlinzi: mtu anamega bukari, yaani ugali, anakwenda nayo hadi mlangoni, anatazama nje, anarudi kuchovya mboga. Mimi nami sina utulivu, na labda ndiyo maana tulielewana.

Kiwandani kwetu hapa Kamina tunasaga mahindi. Kinu kinazungushwa na mota moja ya zamani, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Mota ya aina hiyo ina pete tatu za shaba kwenye mhimili wake, na umeme hupita kwenye pete hizo kwa vipande vya kaboni vinavyokandamizwa na springi. Vipande hivyo sisi huku tunaviita sharbo. Sharbo ikisuguana na pete inaisha polepole, na hiyo ndiyo kazi yake, kuisha ili pete isiishe. Lakini ikiisha haraka, au ikivunjika pembe, au ikianza kutoa cheche, kinu kinasimama na watu waliotoka Kabongo na magunia juu ya baiskeli wanalala uani. Mtu aliyejua kwa nini sharbo inaisha alikuwa mmoja tu, na ndiyo maana wote tulimwita Mzee wa Sharbo.

Mimi ni binti wa mwanajeshi. Baba alihamishiwa kambi ya Kamina nikiwa mdogo, nyumbani tuliongea Kilingala, Kiswahili nilikiokota sokoni, na Kifaransa nilikipata shule ya ufundi pamoja na diploma ya umeme. Nilipofika kiwandani na diploma yangu, mzee aliisoma yote, akiwa wima bila shaka, akanirudishia. Tangu hapo akaniita mutoto ya soda, yaani mtoto wa askari, hata nilipokuwa na watoto wangu watatu.

Alikuwa na miiko. Mtu aliyekula samaki mkavu wa Kinkondja hakuruhusiwa kugusa sharbo mpaka anawe kwa sabuni na majivu, kwa sababu mafuta ya vidole yanaingia kwenye kaboni na hayatoki. Mama mmoja alikuwa akikaanga mikate karibu na dirisha la chumba cha mota. Mzee alimbebea mwenyewe jiko, karai na meza mpaka upande wa pili wa ua, akarudi kumwomba radhi, akanunua mikate sita, akatugawia, kisha akatukataza tusiingie ndani na mikono ile. Nilikasirika. Nikala mikate yangu nje nikimtazama anavyozunguka mota.

Nguvu ya springi aliipima kwa mizani ya kuning'iniza aliyoinunua kwa mchuuzi wa samaki kule Bukama. Inanuka samaki mpaka leo, na nilipomkumbusha mwiko wake alijibu kwamba mizani haigusi sharbo, inagusa springi. Alikuwa na jibu la kila kitu. Kila Jumatatu asubuhi alifungua kifuniko cha pete, akavuta kila springi kwa ndoano ile, akapima urefu wa kila sharbo kwa kipimo cha chuma, na kuandika milimita kwenye kaye, yaani daftari la shule. Makaye hayo yalikuwa mengi, yamefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kwa kawaida sharbo ililiwa milimita mbili kwa mwezi. Ikizidi tatu, halali usingizi.

Kingine kilichonishangaza ni suala la kung'arisha. Viatu vyake vya kanisani uliweza kujitazamia uso. Shati lake jeupe mkewe hakuruhusiwa kulipiga pasi kwa sababu hakulinyoosha vya kutosha. Lakini pete za mota zilitakiwa ziwe na rangi ya shokola, kahawia iliyokolea, na ole wake atakayezing'arisha. Ile rangi, alisema, ni nguo ya pete. Ukiivua, sharbo inasugua mwili mtupu. Mwaka mmoja walikuja wageni wakubwa, meneja akaamuru kila kitu king'ae, na fundi mwenzetu mmoja akachukua msasa akazisugua pete zikawaka kama za arusi. Wageni walisifu sana. Mzee alisimama nyuma yao na viatu vyake vinavyometameta, akasema kwa sauti ya msibani, "Baliivua nguo." Wageni wakadhani anaombea chakula. Ilichukua wiki nyingi rangi kurudi, na muda wote huo hakunyoa ndevu.

Mota ikisimama siku kadhaa, sharbo zikalala mahali pamoja, unyevu unachora alama kwenye pete, na alama hiyo baadaye inazigonga sharbo kila mzunguko. Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada alikuja kiwandani na viatu vile vile, akaushika mhimili kwa mikono na kuugeuza kidogo. "Kintu inaikala, inaoza," alisema. Kwake kukaa na kuoza vilikuwa ndugu. Nadhani hata nafsi yake aliiogopea hivyo.

Na alikuwa na swali lake. Sharbo zikiharibika watu wote hulaumu sharbo: ni za bandia, ni laini, ni ngumu. Yeye hakulaumu kitu. Aliuliza, "Nini ilibadirika?" Wakati mmoja sharbo zilikuwa zikimeguka pembe, na meneja alikuwa tayari ameandika barua ya kugombana na waliotuuzia. Mzee alimwuliza kila mtu swali lile, mpaka mfagiaji. Mfagiaji ndiye aliyekumbuka kwamba wiki ile mkanda wa kinu ulibadilishwa, na puli ikarudishwa na bolti moja pungufu. Mota ilikuwa inatikisika, na mtikisiko ndio uliokuwa ukizipasua. Bolti ikafungwa, pembe zikapona. "Moteri haisemake bongo," alituambia. "Bantu njo banasemaka." Bongo ni uongo. Nilipenda sana msemo huo, na niliurudia mara nyingi nikidhani haunihusu.

Sharbo zikifikia kipimo cha mwisho zinatolewa, hata kama zimebaki kipande cha kidole. Vipande hivyo hakuvitupa. Alivitia kwenye sakoshi yake, yaani begi la bega, na nyumbani akavichonga kwa tupa viwe vidogo vya kufaa jenereta za watu: ya kinyozi, ya zahanati, ya mwalimu anayechaji simu. Hakuomba kitu. Walimletea ndizi, kuku, mara nyingine asante kavu. Kiwandani sote tulijua, na meneja wa zamani alijua. Meneja mpya hakuwa ameambiwa, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia.

Sasa nifike kwenye blanketi.

Kifuniko cha pete kilihitaji kitu cha kuziba ukingo ili vumbi la unga na lile jekundu la kiangazi lisiingie. Mzee alitumia vipande vya blanketi la jeshi. Baba yangu ndiye aliyemwuzia, blanketi la kijivu la kambini, na mzee alilikata mikanda akaibandika kwa gundi kidogo pembeni. Lilikuwa baya. Lilichakaa, likachomoza nyuzi, na kila nilipolitazama niliona aibu, kama vile mtu ameanika umaskini wetu juu ya mashine. Mwaka wa nane nilikuwa nimechoka nalo.

Mwezi wa sita mzee alikwenda matanga Kabongo, akakaa siku tisa. Nilikuwa nimetuma Lubumbashi waniletee tyubu za silikoni, ile gundi nyeupe ya mpira ambayo mafundi wa madirisha wanaipenda. Nikang'oa blanketi lote. Nikapaka silikoni ukingo mzima wa kifuniko, kwa ndani, mkanda ulionyooka kama rula, na nyingine nikapaka madirisha ya chumba. Jumatatu nilipima sharbo kama alivyoniagiza, nikaandika kwenye kaye lake kwa mwandiko wangu mzuri. Nilijiona nimekuwa mtu.

Aliporudi alizunguka mota mara mbili. Akapitisha kidole kwenye ukingo, akakitazama, hakikuwa na vumbi. Akanitazama mimi. Kisha akavuta kiti cha mlinzi wa zamu akaketi, akanyoosha miguu, akafumba macho. "Mutoto ya soda," alisema, "leo minyi nitapumuzika." Nilitoka nje nikalia kwa furaha nyuma ya magunia. Sioni haya kusema hivyo.

Wiki ya pili sharbo zilikuwa zimeliwa milimita saba. Vumbi jeusi la kaboni lilijaa ndani ya kifuniko kama masizi ya sufuria. Mzee alipima tena, akidhani kipimo kimeharibika. Alivuta springi zote, zilikuwa sawa. Akazitazama pete, zilikuwa zimepoteza shokola yao, bila mtu kuzigusa kwa msasa. Tukabadilisha sharbo. Nami, kwa kuwa kufungua kifuniko kulikata ule mkanda wangu mzuri, nilipaka silikoni mpya. Mwezi haukuisha, sharbo zimekwisha. Tukabadilisha tena, nikapaka tena. Seti moja ilikuwa ikitumika karibu mwaka mzima. Sasa tulimaliza ya tatu kabla mvua hazijaanza.

Aliacha kula mchana. Alizunguka kiwanda akimwuliza kila mtu, mwenye mizani, dereva, mama wa mikate, nini ilibadirika. Mimi alinijia mara tatu. Mara ya mwisho alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nini ilibadirika, mutoto?"

"Hakuna kintu, Muzee."

Sikudanganya kwa makusudi, na hilo bado linaniuma zaidi kuliko kama ningedanganya. Kwangu silikoni haikuwa badiliko, ilikuwa sifa yangu. Mtu hahesabu sifa yake miongoni mwa makosa.

Meneja mpya aliangalia stoo, akaona masanduku ya sharbo matupu, akaambiwa juu ya sakoshi na jenereta za watu. Hesabu yake ikawa rahisi. Jioni moja, saa ya kutoka, wafanyakazi wote wakiwa kwenye foleni ya geti, mlinzi aliamriwa afungue sakoshi ya mzee. Akaimwaga chini. Mizani ya samaki, Biblia ya Kiluba, kipande cha sabuni, na vipande vitano vya sharbo vilivyokwisha. Meneja alisema neno mwizi mara moja tu, lakini alilisema kwa sauti. Mzee aliinama akaokota Biblia kwanza. Vipande aliviacha. Hakujitetea, alisema tu, "Mungoje. Moteri itasema." Akaenda zake kwa miguu, viatu vikiwa vimejaa vumbi la geti, na mimi nilikuwa wa nne kwenye foleni na sikufungua mdomo.

Nilipewa nafasi yake. Sharbo ziliendelea kufa. Ungedhani hilo lingemsafisha, lakini meneja alisema mzee ameuza nzuri akatuachia za bandia, na watu hupenda maelezo yasiyowahitaji kubadili mawazo. Mimi nilihangaika kama yeye. Sikuweza kukaa. Nyumbani mume wangu aliniuliza kama na mimi nimekuwa mlinzi.

Asubuhi moja nilifungua mpira wa baiskeli nikayapanga makaye mezani. Kwa mwezi mbili, mbili, mbili na nusu, mbili, ukurasa baada ya ukurasa, miaka. Kisha zinaruka, tena kwa wiki: saba, kumi na moja, kumi na mbili. Nikarudi nyuma kutafuta mahali pa kuruka. Mstari wa mwisho uliokuwa mtulivu haukuwa na mwandiko wake. Ulikuwa na mwandiko wangu mzuri, na pembeni, kwa majivuno, nilikuwa nimeandika: kifuniko kimezibwa upya, safi kabisa.

Kwenye mlango wa kabati la vifaa kulikuwa na karatasi ya Kifaransa iliyobandikwa tangu enzi za waliotuuzia mota, maelekezo ya kutunza sharbo. Mzee hakusoma Kifaransa vizuri. Kiluba na Kiswahili vilimtosha. Mimi nilikisoma, na karatasi ile nilikuwa nimeitundikia koti kwa miaka tisa. Nikaondoa koti. Karibu na mwisho iliandikwa kwamba mvuke wa silikoni, hata kidogo, ukiwa umefungiwa pamoja na sharbo, unaziharibu haraka mno. Nilisimama pale nikiisoma mpaka herufi zikaanza kucheza.

Niliikwangua silikoni yote kwa kisu, ya kifuniko na ya madirisha. Nikanawa mikono kwa majivu. Nikaenda kambini kwa mama, nikamwomba blanketi la marehemu baba. Nikakata mikanda. Sharbo mpya, springi kwa mizani, kifuniko. Wiki ya kwanza ililiwa milimita moja. Ya pili na ya tatu, kipimo hakikuonyesha kitu cha kuandika. Pete zikaanza kuvaa nguo yao.

Ningeenda kwake siku ile ile. Sikwenda. Nilijiambia nisubiri mwezi wa pili, nihakikishe. Halafu nikajiambia watoto wanarudi shule, nikipoteza kazi itakuwaje. Kanisani nilimwona ameketi benchi la nyuma. Funguo za kanisa, ambazo alizishika miaka mingi, alikuwa nazo mtu mwingine. Hakuna aliyemnyang'anya, aliniambia mkewe. Aliombwa tu apumzike. Na ni kweli alikuwa amepumzika: alikaa ibada nzima bila kuinuka, mikono juu ya magoti. Nilimkumbuka akisema juu ya kitu kinachokaa. Sikuweza kuimba.

Nilikwenda kwake Jumamosi. Alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, ndevu nyeupe hazijanyolewa, na viatu vyake havikuwa na rangi. Mkewe alileta kiti kingine, nikakikataa.

"Muzee," nilisema, "minyi njo niliua zile sharbo. Ni ile silikoni. Weye ulienda Kabongo, minyi nikaitia. Kila mara tulifungua, nikaitia tena."

Nilimweleza yote, kaye, karatasi, blanketi la baba. Nilipomaliza alishika magoti, akainuka. Akaenda mpaka kwenye ua, akarudi, akaenda tena. Mkewe alisema polepole, "Vidye wami," yaani Mungu wangu, kwa sababu tangu kiangazi hakuwa amemwona akitembea hivyo.

"Sasa bage iko rangi gani?" aliuliza, na bage kwake ni zile pete.

"Shokola, Muzee."

Alizunguka mara nyingine. "Niliuliza bantu bote nini ilibadirika. Minyi mwenyewe sikujiuliza. Niliona kile kifuniko na macho yangu, nikaikala pa kiti." Akakitazama kiti cha barazani kana kwamba ndicho. Nilianza kumwomba msamaha, akainua mkono. "Ile ya kuniomba, nimesikia. Lakini minyi banifukuza pa geti, mbele ya bantu. Weye unasema hapa mu nyumba. Ende ukaseme kule."

Jumatatu nilisema. Saa ya kuingia, foleni ikiwa imejaa, nilisimama mahali pale pale ilipomwagwa sakoshi, na meneja niliyemwomba ashuke kutoka ofisini alikuwa amesimama pembeni na kikombe chake. Kifaransa changu chote kilinikimbia, nikasema kwa Kiswahili cha sokoni kwamba mwizi hakuwapo, aliyekuwapo ni mimi na tyubu yangu. Mzee alikuwa nje ya geti, amevaa shati jeupe, viatu vinawaka. Nafasi yangu ilichukuliwa wiki ile, sasa ninapima magunia, na sina neno. Meneja hakuomba radhi. Alisema tu mzee anaweza kuingia akaone mota.

Aliingia. Nilimfungulia kifuniko. Aligusa blanketi, akavuta springi moja kwa ndoano ya mizani yake, akatazama pete kwa muda mrefu. Nilimwekea kiti, akakisukuma kando kwa mguu. Kisha aliniomba vile vipande vilivyokwisha, kwa kuwa jenereta ya zahanati ilikuwa imelala. Nilimpa vinne, akavitia sakoshini, mbele ya meneja.

Getini foleni ya wanaoingia ilikuwa bado ndefu. Mlinzi, yule yule, alimwona anakuja akatazama pembeni na kufungua mlango wote.

"Pita, Muzee."

Mzee hakupita. Alivua sakoshi begani, akaifungua, akaishika wazi chini ya macho ya mlinzi.

"Angalia."

"Hapana, Muzee, pita tu."

"Angalia. Kisha useme na nguvu, bantu basikie."

Mlinzi aliinamisha kichwa ndani ya sakoshi. Akainuka, akaigeukia foleni.

"Biblia," alisema. "Mizani. Na bipande ine bya sharbo, bilikwisha."

Mzee akafunga sakoshi yake, akatoka, akashika njia ya zahanati.